Bibi wa Zoezi la Kumi na Saba

Kisa hiki hamtakiamini, wala sitawalaumu. Hata mkaguzi aliyetoka Lindi bado anakikana. Lakini kilitokea Nachingwea, mwaka 2006, kwenye chuo cha udereva ambako mpwa wangu Zulfa alikuwa akitunza kompyuta yenye usukani.

Mwanafunzi alikaa, akashika usukani, na kwenye kioo ikatokea barabara ya Ruangwa na mikorosho yake na mbuzi wake. Mazoezi arobaini aliyabuni Mzee Mikidadi, mwalimu mkuu, dereva wa lori wa siku nyingi; Zulfa akayaingiza kwenye mashine. Alhamisi mkaguzi angekuja. Likikwama zoezi hata moja, chuo hakipati kibali, na Zulfa anarudi Namungo kuchekecha mchanga wa dhahabu.

Binti huyu ana akili, karithi kwangu. Badala ya kuendesha mazoezi yote mwenyewe, aliandika programu ya kuyakagua: kila gari liwe na dereva, vitu viwili visikae mahali pamoja, kila safari ifike. Akabonyeza, akaenda kunywa chai. Aliporudi, kompyuta ilikuwa imetapika makosa sitini. Mbuzi alikimbia kilomita tisini kwa saa. Trekta kwenye barabara ya Kilimarondo lilipita juu ya miti.

Kwa siku mbili akanyoosha yote, isipokuwa zoezi la kumi na saba. Gari linatoka Nachingwea, Ruangwa halifiki.

Jumatano akalifuata hatua kwa hatua, akalikuta limesimama kwenye kona, kando ya bibi mmoja. Mzee Mikidadi alikuwa ameweka sharti: dereva asimpite mtu mzima bila kushuka na kumwamkia. Na sharti jingine: asifungue mkanda safarini. Basi dereva kafungwa, bibi anangoja shikamoo yake, na jua linazama humo humo ndani ya kompyuta.

Zulfa akamwomba mzee amwondoe bibi.

"Yule ni mama yangu," alisema Mzee Mikidadi. "Hata kanga nimemchagulia mwenyewe. Haondoki mtu."

"Basi mzee wangu, dereva aegeshe kwanza, safari isimame, ndipo afungue mkanda."

Mzee akafikiri sana. "Na injini azime. Mama hapendi kelele."

Programu ikarudiwa: makosa sifuri.

Alhamisi mkaguzi akaketi mwenyewe, akampita bibi kama upepo. Kioo kikawa chekundu: umekosea. Mzee Mikidadi akatazama ukutani. Mkaguzi akaanza upya, akaegesha, akazima, akabonyeza kitufe cha salamu, na kwa kutoiamini mashine akatamka shikamoo kwa mdomo wake. Kibali akakisaini palepale. Machozi yakamtoka, akapiga magoti mbele ya kompyuta, na watu elfu mbili waliokuwa wakichungulia dirishani wakapiga vigelegele, wakanibeba mimi juu juu mpaka...

"Mjomba," amesema Zulfa, anayesoma nyuma ya bega langu, "chumba kile hakikuwa na dirisha."