Mafuta ya Kukamulia Usoni Mwangu

Wiki iliyopita niliingia duka la dawa za mifugo pale Kyuso kununua dawa ya kupe. Mwenye duka alikuwa akimwonyesha mteja mwingine kopo la mafuta ya kukamulia, yale mazito ya manjano ambayo mkamuaji hupaka chuchu za ng'ombe zisipasuke. Akafungua kifuniko. Harufu ikanifikia nikiwa bado mlangoni, harufu ya nta na dawa ya vidonda, nikageuka nikatoka. Dawa ya kupe sikununua. Nilisimama juani, mama mzima wa miaka hamsini, nimejaa hasira na watu wananipita wakinisalimia. Ngoja niwaambie ninyi kwa nini, maana nimeibeba hii kitu peke yangu muda mrefu.

Nyumbani kwetu ng'ombe wa maziwa alikuwa mmoja, na kopo lake la mafuta lilikuwa letu sote. Kwetu ni kukavu. Upepo wa Agosti ukivuma, midomo inapasuka, visigino vinapasuka, na mtoto akipita kwenye vumbi hatua kumi miguu inakuwa myeupe. Sasa mtoto akienda kanisani amepauka hivyo, anayesemwa si yeye, ni mama yake. Wanawake wangemtazama miguu, wakamtazama mama, wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulisikika mpaka nyuma. Kwa hiyo kila Jumapili asubuhi mama alitupanga mlangoni, wanne, kuanzia mdogo. Alichota mafuta kwa vidole viwili, akayapasha viganjani, akatupaka uso, shingo, mikono, miguu, akituvuta ngozi bila huruma. Tulitoka tukiwaka. Nzi walitufuata mpaka kanisani, na vumbi lilitunata njiani, lakini kupauka, hapana, hatukupauka.

Ndugu zangu watatu walikuwa na ngozi kavu na mafuta yale yaliwafaa. Mimi nilikuwa tofauti. Nikiamka asubuhi pua na paji la uso vilikuwa tayari vinang'aa, hata kabla kopo halijafunguliwa. Hilo hakuna aliyelitazama. Kopo lilikuwa moja, foleni ilikuwa moja.

Nilipofika darasa la nane, chunusi zilinivamia. Si moja mbili. Zilianza kwenye paji la uso, zikashuka mashavuni, nyingine zina usaha, nyingine ngumu chini ya ngozi, zinauma hata nikilalia mto. Mama akanitazama akakunja uso. Alichojua yeye ni kwamba chuchu ya ng'ombe ikipasuka unapaka mafuta inapona. Akaona shavu la binti yake limepasuka, akapaka. Zikazidi, naye akazidisha. Kutoka Jumapili tukafika kila siku, asubuhi na jioni. Sikumkatalia, ni mama, na mikono yake ilikuwa na nia njema. Lakini nikikumbuka mafuta yale yalivyokuwa yakiziba kila tundu la uso wangu, natamani kurudi nyuma nilipige teke lile kopo mpaka mtoni.

Hayo ya mama ningeyasamehe siku ileile. Kuna ya Mama Pasta.

Mama Pasta alikuwa mke wa mchungaji wetu, na ndiye aliyesimamia darasa la wasichana kila Jumamosi. Nilikuwa nataka kwenda sekondari ya wasichana ya kanisa, na kuingia kule hayakutakiwa matokeo mazuri tu. Ulitakiwa upeleke barua ya mchungaji inayosema tabia yako ni njema. Mchungaji alitia sahihi, lakini hakutia mpaka mke wake amesema ndiyo. Msichana asiyekuwa na barua alibaki nyumbani, na kubaki nyumbani kwetu maana yake tuliijua sote: kabla ya mvua ya mwaka unaofuata, watu wangekuja na mbuzi kuongea habari zako.

Basi Jumamosi moja ya Agosti Mama Pasta akanisimamisha mbele ya wenzangu. Akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, upande huu, upande ule. Akasema uso wa msichana hausemi uongo. Alisema chunusi ni moto wa ndani unaotafuta njia ya kutoka, na kwamba msichana akishaonjana na wavulana utamjua tu. Wenzangu wakaangalia chini. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na mvulana pekee niliyewahi kumgusa ni kaka yangu, tukipigana juu ya baiskeli.

Akanishusha kidevu akasema, "Uso ukisafika, barua utapata."

Nilienda nyumbani nikamwambia mama, nalia. Mama aliinua mkono akajigusa shavu lake mwenyewe, pale alipokuwa na vishimo vidogo vidogo ambavyo tangu tuzaliwe tuliambiwa ni vya tetekuwanga. Kisha akaenda kulichukua kopo.

Ndipo nikaanza kujitibu. Rafiki yangu wa dawati moja alikuwa amepaka dawa ya meno kwenye vipele vyake viwili vikakauka, nikapaka yangu uso mzima, nikakaa kama nimechovya kichwa kwenye chokaa, na ngozi ikababuka. Nikakamua ndimu. Nikasugua kwa chumvi. Nikanawa kwa sabuni ya kipande ya kufulia, mara tano kwa siku, katika nyumba ambayo maji yalikuja kwa mgongo wa punda kutoka mbali, na mama akanigombeza kwa hayo maji mpaka sauti ikamkauka. Nikavunja jani la kiluma, ule mshubiri wa porini, nikajipaka utomvu wake mchungu. Mtu akaniambia mkojo wa asubuhi wa kwanza. Ndiyo, huo pia. Cheka tu, hata mimi siku hizi hucheka kidogo. Kila nilichojaribu kilinikausha, ngozi ikaambuka, na mama akiona inaambuka anasema, unaona, unapauka, akafungua kopo. Tulikuwa tunapigana vita, mimi na yeye, juu ya uso mmoja.

Krismasi ikamleta anti Ndinda, mdogo wa mama, aliyekuwa na hoteli ya chai na chapati Mtito Andei, kwenye barabara ya Mombasa. Anti alivaa viatu vya visigino na alicheka akitupa kichwa nyuma. Aliponiona alisema tu, pole, mwanangu, nikakaribia kulia tena kwa sababu alikuwa wa kwanza kusema pole. Akatoa kwenye mkoba wake tyubu ndogo ya krimu nyeupe. Alipewa na dereva wa lori kutoka ng'ambo ya mpaka, na wahudumu wake wote waliipaka, nyuso laini kabisa. Hakujua ni krimu gani. Maandishi yalikuwa ya lugha asiyoisoma.

Ilifanya kazi, jamani. Wiki mbili, na uso ulikuwa umetulia, mweupe kidogo kuliko shingo, laini kama wa mtoto mchanga. Mama Pasta akaniona Jumapili ya kwanza ya Januari, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akatabasamu. "Umeachana naye," akasema. "Mungu ni mwema." Akasema mchungaji yuko kwenye mkutano wa kanisa, akirudi mwisho wa mwezi niende na mama yangu tuchukue barua.

Tyubu haikufika mwisho wa mwezi. Niliipasua kwa wembe nikafuta ndani kwa kidole, nayo ikaisha. Siku ya nne uso ukaanza kuwaka. Ukawa mwekundu, ukavimba, na chunusi zikarudi na jamaa zao wote, mpaka kwenye kidevu ambako hazikuwahi kufika. Jua likinipiga nilihisi nimemwagiwa pilipili. Na hivyo ndivyo nilivyoingia ofisi ya mchungaji, mama upande wangu wa kushoto.

Mchungaji alikuwa nyuma ya meza, karatasi mbele yake imeshaandikwa, haina sahihi. Alikuwa mtu wa kukohoa na kutazama dirishani. Mama Pasta alikaa pembeni pamoja na mama wawili wa kanisa. Akanitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Umemrudia," akasema. "Mumbua, taja huyo mtu, utubu, tuyamalize."

Nikasema hakuna mtu. Akasema uso ule unasema yuko. Nikasema hakuna. Akamwambia mumewe aiweke karatasi kwenye droo. Nikamtazama mama yangu. Nilimsubiri aseme. Mama alikuwa anaangalia sakafu, na chini ya meza mkono wake ukanifinya paja, kwa nguvu, akazungusha kucha. Nikajua basi, hata mama ananiona mwongo.

"Anaitwa Josphat," nikasema. "Ni taniboi wa lori. Yuko Mtito Andei."

Hakukuwa na Josphat. Nilimtoa hewani. Lakini mngeziona zile nyuso zilivyopumua! Wakaniuliza nilimjulia wapi, nikawapa. Wakauliza anavaaje, nikampa kofia nyekundu na jino moja la dhahabu. Nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli, wakayahesabu kuwa ni toba. Mchungaji akatia sahihi. Jumapili tatu mfululizo kanisa lilimwombea Josphat kwa jina, aokoke huko aliko na lori lake. Naye anti Ndinda akapigwa marufuku kuja kwetu, kwa kuwa ndiye aliyenifungulia mlango wa Mtito Andei. Alikufa kabla sijamweleza. Hiyo nayo nawahesabia wao wa kanisa.

Nilienda shule. Nikamaliza, nikawa mwalimu, na chunusi zikanisindikiza mpaka nikafika miaka ishirini na sita, siku nilipoingia kliniki ya ngozi Kitui mjini. Daktari alikuwa mwanamke kijana wa umri wangu. Akauliza napaka nini, nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Alinieleza kwamba ngozi yangu inajitengenezea mafuta yenyewe, ya kutosha na kubaki, na kila nikiongeza mengine mazito naziba matundu. Kwamba ninawe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, nisisugue, nisitumbue, nipake dawa ya chunusi kidogo usiku na nivumilie miezi miwili au mitatu. Kwamba tyubu ya anti, kwa nilivyoieleza, huenda ilikuwa ya ukurutu, na ikipakwa usoni hutuliza kwa muda kisha huharibu. Kwamba ndugu zangu wenye ngozi kavu waendelee na mafuta yao bila wasiwasi. Nikamuuliza, na wavulana? Hakunielewa. Nikamuuliza tena, chunusi zinatokana na wavulana? Akasema zinatokana na umri, na mafuta, na mara nyingine na ukoo tu. Dakika kumi alitumia. Dakika kumi! Nililia ndani ya choo cha kliniki mpaka mtu akagonga mlango.

Mama alipozeeka nilimchukua kwangu. Ngozi yake ilikuwa imekauka kabisa, mikono kama karatasi, na yeye alilitaka kopo lake, lile lile, hakutaka kusikia lingine. Ngozi ile iliyahitaji kweli. Basi nikawa nalinunua, nikiziba pua, na asubuhi nampaka. Siku moja nikiwa nampaka shavu, vidole vikipita kwenye vile vishimo, nikasema kile ambacho sikuwahi kumwambia.

"Mwaitu, yule Josphat hakuwepo."

Hakufungua macho. "Najua," akasema. "Hata wangu hakuwepo."

Mkono wangu ukasimama. Akaniambia polepole, kama anayesimulia ya mtu mwingine. Haikuwa tetekuwanga, zilikuwa chunusi kama zangu. Alikuwa na miaka kumi na tano, na wanawake wa kanisa walimweka chini siku nzima mpaka akataja jina, jina la uongo, na mwaka huohuo babu akamwoza kwa baba yetu, ili aibu isizidi. Aliacha shule darasa la tano. Kwa hiyo siku ile ofisini, alipoona karatasi inaelekea kwenye droo, alinifinya ili niseme haraka, niseme lolote, sahihi itiwe kabla hawajabadili nia. Hakuwa ananikasirikia. Alikuwa ananisukuma nitoke na barua.

Miaka yote nilidhani ukucha ule ulisema mwongo wewe. Na bado nilitaka kumuuliza kwa nini hakusema kwa mdomo: mtoto wangu hana mtu. Maneno manne tu. Sikumuuliza. Nilichota mafuta kwa vidole viwili, nikayapasha viganjani kama alivyotufanyia, nikammalizia shavu la pili. Alizikwa mwaka uliofuata, na Mama Pasta, mzee wa fimbo, alikuja akasimama kaburini akamsifu kwamba alilea watoto wenye tabia njema.

Msiniambie nisamehe. Wakati mwingine wa hasira kama huu huwa nakumbuka zile Jumapili tatu, kanisa zima limesimama, macho yamefumbwa, wanamwombea kwa machozi kijana ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mimi niliyekuwepo nilikaa benchi la tatu, uso unaniwaka moto, na hakuna aliyeniuliza kama unauma.