Kisu cha Maduhu Kwenye Mtungi wa Bwana Mifugo

Jamani. Asubuhi kanipigia Kulwa, binti wa Maduhu: “Baba mdogo, baba katutoka.” Nikamwambia hapana. Nimembishia mtoto wa watu kwenye simu, yeye analia, mimi nabisha.

Maduhu wa Dutwa, fundi wa lathe, ile mashine ya kuchongea vyuma. Tulichonga vyuma karakana moja hapa Bariadi zaidi ya miaka ishirini. Vijana wengi humu kundini hamkumjua, basi leo mtanisoma.

Yule mtu alikuwa hasalimii watu kwanza. Anaingia karakana, anaigusa mashine, “Mwangaluka,” halafu ndiyo anatugeukia sisi. Tulimcheka sana.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Ushirika umechoka, kiwanda cha kuchambulia pamba kimepata tajiri mpya. Msimu unakaribia, shafti ya pampu ya maji imekatika. Na pamba bila maji ya kuzimia moto, nani atathubutu kuwasha mitambo?

Tajiri akatukusanya mafundi sita wa karakana ya kiwanda. “Ijumaa nataka shafti. Mkishindwa, nafunga karakana, kazi zangu zitakwenda Mwanza.” Akaondoka. Duh!

Shafti yenyewe ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Nani aliwahi kuchonga stenlesi pale? Ukiibembeleza inazidi kuwa ngumu, kisu cha mashine kinasugua tu badala ya kula. Kwa siku moja tukamaliza visu karibu vyote, vikabaki viwili.

Maduhu akasema, “Tuvigandishe.” Alisoma kwenye kijarida fulani cha ufundi kwamba kisu kikipitishwa kwenye baridi kali mno kinakuwa kigumu na hakiishi makali upesi. Nikamwambia, “Wewe umechanganyikiwa, Bariadi hii baridi utaitoa wapi?”

Akaniangalia kwa huruma. “Kwa bwana mifugo.”

Aisee! Bwana mifugo alikuwa na mtungi wa naitrojeni, ile baridi inayotoa moshi, anatunzia mbegu za madume ya kupandishia ng'ombe. Msukuma gani hakujua mtungi ule? Lakini nani mwingine angewaza kutia humo kisu cha lathe?

Bwana mifugo alikataa katakata. “Mbegu zikiharibika mtanipeleka wapi?” Maduhu akambembeleza, akamkumbusha hata undugu wa ukoo. Mwisho akakubali, ila akasimama pale pale kama analinda mchumba.

Maduhu akanipa kisu cha kwanza kimefungwa waya. “Shusha taratibu, Limbu. Kizoee moshi kwanza, baadaye ndiyo kiingie.” Yeye akabaki nje anaongea na bwana mifugo. Mimi na haraka zangu nikakitumbukiza chubwi. Kilipotoka kina ufa toka juu hadi chini.

Ndiyo, nilikuwa mimi. Nimelisema.

Cha pili alishusha mwenyewe, kidogo kidogo. Kikalala humo mpaka kesho yake. Akakitoa polepole vile vile, akakipeleka nyumbani, akakitia kwenye mafuta ya moto ya mama Kulwa ya kukaangia maandazi, ili kisiwe chepesi kuvunjika. Mama Kulwa alifoka mtaa mzima ukasikia. Yule mama naye, Mungu amtie nguvu.

Alhamisi tukaanza kuchonga. Mashine polepole, kisu kinakula kwa nguvu bila kusugua, mafuta ya kupoza yanamiminika. Chuma kikatoka utepe mrefu unaong'aa. Kisu kilimaliza shafti yote, yaani yote, na makali bado kinayo.

Ijumaa tajiri akaja, akapima, akatabasamu. Karakana imepona, sote sita tumepona. Kisha akakiona kile kisu kilichopasuka mezani. “Nani kaharibu hiki?”

Mke wangu alikuwa na kichanga cha wiki mbili. Nilifungua mdomo. Maduhu akanitangulia: “Ni mimi, bosi.”

Tajiri alikuja siku ile kuchagua na foreman, msimamizi wa karakana. Wote tulijua ni Maduhu, kiti chake kile. Akasema mtu mzembe wa vifaa hawezi kusimamia wenzake. Akanipa mimi.

Nilimfuata Maduhu nje nikiwa nimeinamisha kichwa. Akanipiga begani. “Kamlee mtoto, Limbu. Mimi nina mashine yangu.” Na toka siku ile aliniita “Foreman” mbele za watu, kwa heshima kabisa, hata siku moja hakuweka kejeli ndani yake.

Mshahara ule umesomesha wanangu watatu. Nimeitwa mkuu, nimeagwa kwa hotuba, nimepewa saa ya ukutani. Sikuwahi kumwambia mtu. Wewe Maduhu ulijua, ukanyamaza mpaka umeondoka.

Ndugu zangu wa Bariadi, mliofanya kazi chini yangu: foreman hakuwa Limbu.

Wabeja sana, Maduhu, asante. Pumzika kwa amani, Foreman.