Salamu Nayo ni Kipimo

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, upepo wa Singida ukipita kwenye sweta kana kwamba hujavaa kitu, nilipomwona mtu akirudishwa kutoka mahali ambapo mpaka leo sijui paitweje. Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Najua kidevu changu bado kinasubiri ndevu. Lakini wewe umeingia chuo cha uuguzi juzi tu, mimi niko mwaka wa mwisho, na hapa chuoni aliyekutangulia kukunja mashuka yenye damu ni mzazi wako. Kwa hiyo kaa vizuri, weka simu chini, unisikilize.

Wakati ule nilikuwa nimeiva, au nilidhani nimeiva. Maswali ya mtihani wa leseni tulikuwa tunayacheza bwenini kama karata. Mtu anasoma, "Umeingia wodini, umekuta wagonjwa wanne, utaanza na yupi?" Hajamaliza, nimeshajibu: njia ya hewa kwanza, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu. Dalili za sukari kushuka nilikuwa nimezitungia wimbo kabisa: jasho, kutetemeka, njaa, kuchanganyikiwa, mtu kuzimika. Niliuimba hadi bafuni, wenzangu wakaniomba nioge kimya. Sukari ikithubutu kushuka mbele yangu, nilijiambia, itajuta.

Tulipangiwa wodi ya wanaume, chini ya Sista Monika, muuguzi mkongwe anayetufundisha kazi kwa vitendo, mwenyeji wa Mwankoko. Sista Monika alikuwa na tabia moja iliyotumaliza nguvu. Alikuwa anasalimia. Sisemi ile "habari za asubuhi" ya kupita. Alisimama kwenye kila kitanda, akaushika mkono wa mgonjwa, akauliza habari za mgonjwa mwenyewe, za nyumbani, watoto, mtama, hadi ng'ombe aliyezaa. Kwa wazee aliinama kabisa, akatoa shikamoo yake, halafu akaisubiri marahaba kama mtu aliyebisha hodi anayesubiri mlango ufunguliwe. Mimi nilikuwa nawanong'oneza wenzangu, "Huyu mama anagombea udiwani."

Asubuhi hiyo aliitwa mara moja wodi ya jirani. Akaniambia, "Anza kuzunguka. Salimia, tazama, pima. Nakuja." Nikafurahi. Nikasema leo wodi hii itajua kasi ni nini.

Kitanda cha kwanza alilala kaka mmoja mchimbaji wa Sekenke, mguu umefungwa plasta kuanzia gotini, mdomo haujafungwa kitu.

"Dokta! Dokta wa watu! Mguu unakufa huku!"

Kwa kuniita dokta nilimpenda papo hapo. Nikavitazama vidole vyake: vya moto, vinacheza, rangi nzuri. "Kaka, mguu unaopiga kelele hivi haufi."

"Kwa hiyo nife mimi, ubaki nao wewe?"

Tukacheka. Nikamwahidi dawa ya maumivu, nikahamia kitanda kilichofuata. Hapo alilala Mzee Kiula, mkulima wa Ulemo, mgonjwa wa kisukari aliyeletwa kwa kidonda cha mguu. Alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni, macho nusu wazi, yakitazama ukuta.

"Shikamoo mzee," nikasema, na shingo yangu tayari inaelekea kitanda cha tatu.

Kimya.

"Shikamoo babu."

Kimya vilevile. Yule mchimbaji akajiinua kwa kiwiko. "Kanuna huyo. Umemsalimia kama kondakta. Sisi Wanyiramba shikamoo ya kutupa hatuiokoti."

Nami nikaamini, mwanangu, na wewe ungeamini. Nilikolelewa, ukimsalimia babu huku unatembea, anageukia ukuta mpaka urudi na adabu zako. Na mzee aliyenuna hasukumwi. Ukiendelea kumng'ang'ania umeongeza kosa juu ya kosa. Unajitoa taratibu, unatafuta mtu mzima akuombee radhi. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa nyumbani, na ni mafundisho mazuri. Nikamwacha mzee wa watu hasira zipoe. Katika maswali yote niliyokariri, hakuna hata moja lililosema: mgonjwa amekununia, utafanyaje?

Sista Monika akarudi. "Wote wazima?"

"Wote, sista. Ila Mzee Kiula amenuna."

Akasimama. "Hakuitikia?"

"Hakuitikia."

Sikumwona akikimbia, lakini alifika kitandani kabla yangu. Akaingiza mkono chini ya blanketi, akautoa mkono wa mzee, akauweka juu ya wangu. Ulikuwa umelowa, na wa baridi kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Asubuhi ile ya upepo, ambayo hata mbuzi walikuwa hawataki kutoka zizini, mzee alikuwa anatoka jasho mpaka shuka limemganda mgongoni.

"Shikamoo baba!" Sista akamtikisa bega. "Baba Kiula! Shikamoo!"

Mzee alitoa mgumio tu, kama mtu anayeongea kutoka ndani ya kisima.

"Kipimo cha sukari. Sasa hivi."

Nikakileta. Tone moja la damu ya kidole, na namba iliyotokea ilikuwa ndogo hata nikadhani mashine ndiyo inayoumwa. Mwanangu, wimbo wangu wote ulikuwa umelazwa chini ya lile blanketi, ubeti kwa ubeti, na mimi nilikuwa nimeupita nikienda kitanda cha tatu.

Hapo ndipo mke wake alipoingia, bibi mwembamba mwenye chupa ya uji kwapani na kichupa cha asali kwenye kikapu. Basi lilikuwa limewaharibikia njiani. Alipomwona mumewe, kikapu kikamshuka mkononi.

"Mama, baba amekula kitu asubuhi?" Sista akamuuliza.

"Angekula nini, mwanangu? Uji wake si ndio huu?"

Kumbe alfajiri, kabla ya kuchomwa sindano ya insulini, mzee aliulizwa kama amekunywa uji, akajibu, "Nimekunywa, mwanangu, ahsante." Muuguzi akaridhika, akamchoma. Sindano ile inashusha sukari, na tumboni hapakuwa na kitu cha kuikabili.

"Atasemaje ana njaa?" bibi akasema. "Mtu mzima amwambie mtoto wa watu kwamba ana njaa? Huyu? Heri afe."

Na kweli alikuwa anakufa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema kwamba huku kwetu mtu huyaficha kwa heshima, si kwa ubishi.

Bibi akafungua asali, akachovya kijiko, akakielekeza mdomoni kwa mumewe. Sista akamshika kifundo cha mkono, kwa upole lakini kwa nguvu.

"Hapana, mama."

"Ni asali! Si mmesema sukari ndiyo imekwisha?"

"Ndiyo, mama. Angekuwa macho ningekusaidia kumlisha mimi mwenyewe. Lakini hawezi kumeza. Ikipitia njia ya hewa tutampoteza huku tunamwangalia."

Bibi akanigeukia mimi, maana nilikuwa na sare nyeupe na sura ya mjukuu wake. Fikiria hapo. Amebeba asali kutoka nyumbani kwake, mumewe anazimika kwa kukosa kitu kilichomo mkononi mwake, na anaambiwa asimpe. Jibu nilikuwa nalijua, nilikuwa nimeshalipata mara nyingi bwenini nikilitafuna na karanga. Siku hiyo lilikuwa zito kama gunia.

"Ni kweli, bibi," nikasema. "Mtu asimpe kitu mdomoni."

Tulimlaza kwa ubavu ili mate yasimzibe. Mwanafunzi mwenzangu mmoja akakimbia kumwita daktari. Sista akautafuta mshipa. Mishipa ya mzee ilikuwa imejificha kama mijusi kwenye mawe, lakini vidole vya Sista vilipapasa, vikatulia, sindano ikaingia. Mwongozo wa wodi unamruhusu, hakusubiri. Akaanza kusukuma glukosi polepole, na muda wote huo alikuwa anafanya kile nilichokuwa nakicheka. Alikuwa anasalimia.

"Shikamoo baba. Habari za Ulemo? Mama amefika, baba. Shikamoo."

Bibi alikuwa anaomba kwa Kinyiramba, midomo tu inacheza. Mchimbaji wa Sekenke alikuwa ameusahau mguu wake, ameshika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili.

Mwanangu, umeshaona umeme ukirudi mtaani baada ya kukatika, taa moja, kisha nyingine, kisha mtaa mzima? Vidole vilianza. Kisha kope. Kisha macho yakaitafuta dari, yakashuka, yakamtafuta mtu, na mtu mzima akaingia ndani yake. Sina namna nyingine ya kusema. Uso uliokuwa hauna mwenyewe ukapata mwenyewe. Nywele zilinisimama mikononi, na haikuwa baridi.

"Marahaba," mzee akasema. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Kisha akamwona mkewe. "Umechelewa."

Bibi akajipiga paja, anacheka, machozi yanatiririka. "Nimechelewa mimi! Na wewe ulikuwa unawahi wapi?"

Tulihakikisha anameza vizuri funda moja la maji, kisha akanywa uji, bibi ameshika bakuli. Daktari alifika, akamtazama, akaagiza dripu iendelee. Hatukumwacha. Sindano ya alfajiri ilikuwa bado inafanya kazi mwilini, na sukari iliyopandishwa inaweza kushuka tena, kwa hiyo nilikaa pale nampima na kumpima tena, nikimtazama usoni kama mtu anayelinda moto usizime.

Baadaye Sista Monika aliniita kwenye korido. Nilijiandaa kwa mvua ya mawe. Aliuliza taratibu tu, "Ulimpita kwa nini?"

"Nilidhani amenuna, sista."

"Akununie kwa lipi, wewe ni mkwe wake?" Akanitazama mpaka nikaona aibu ya kutabasamu. "Sikiliza. Mzee wa huku akikasirika ataitikia marahaba kwanza, halafu ndiyo akutukane. Marahaba haimpotei hata akiwa amekasirika na dunia nzima. Asiyeitikia hajanuna. Hayupo. Nenda ukamtafute."

Ndiyo nikaelewa kila alichokuwa anakifanya pale vitandani. Anaposhika mkono anapima joto na jasho. Anaposubiri jibu anapima akili na pumzi. Anapouliza habari ya ng'ombe anataka kujua kama mgonjwa anakumbuka jana. Nilikuwa nimemwona akipima wodi nzima kila asubuhi bila kifaa, na nikadhani anaomba kura.

Basi nasaha zangu, mwanangu, uzichukue kabla sijarudia utani wangu. Kariri. Komaa na maswali, maana bila hayo nisingejua asali ya bibi ingemuua. Lakini ujue mtihani unaongea wazi, unakuandikia jasho kwa wino. Watu wetu hawaongei hivyo. Ukiuliza habari, atakuambia nzuri hata kama kaburi limeshachimbwa, ndiyo salamu ilivyo. Nzuri hiyo usiichukue ukaondoka nayo. Subiri, maana ukweli huja nyuma yake, mgonjwa akishaona bado umesimama. Kuuliza si ujinga, ila kuuliza huku unatembea ni ujinga mkubwa. Ukitaka kujua kama mgonjwa amekula kabla ya insulini, usiridhike na mdomo wake, bakuli ulione kwa macho yako. Anayepiga kelele anapumua, mpe zamu yake. Aliyenyamaza mguse kwanza. Na heshima usiiache nyumbani, lakini isikufanye urudi nyuma. Kwa mgonjwa, heshima ni kusogea.

Mungu akupe mkono usioogopa jasho la mtu, na sikio linalosikia hata pale pasipo na sauti. Ufaulu mtihani wako mara ya kwanza, na kila shikamoo utakayoitoa wodini, ipate wa kuiitikia.