Mkono Niliopeleka Mbele ya Kamati

Wako watu huku kwetu, kuanzia Gazi hadi Ukunda, ambao hawalijui jina langu wala hawajui mimi ni mtoto wa nani, lakini mkono wangu wa kushoto wanaujua vizuri sana, maana picha yake ilizunguka kwenye simu zao kwa muda mrefu: mkono mtupu usio na uso (alhamdulillahi kwa hilo), umevimba kama muhogo uliolowekwa, na juu yake maua meusi yamefura na kutoa maji. Nimechekwa sana kwa ajili ya mkono ule, nami siku za kwanza nilicheka pamoja na wanaocheka ili nisionekane nalia. Sasa nitawaeleza ilivyokuwa, na mkitaka kucheka chekeni mapema, kwa sababu huko mbele kicheko kinapungua.

Kwanza mjue kwamba mimi nimemaliza chuo kikuu, nimesomea mambo ya utawala, na tangu nimalize niko nyumbani Gazi nawaza. Hiyo ndiyo kazi yangu. Naweza kuwaza jambo dogo, kama nimwamkie nani kwanza nikiingia msibani, mpaka msiba ukaisha niko bado nje. Mama yangu amenizoea. Mdogo wake, ambaye mimi namwita mama mdogo na watu wengine humwita Bi Mwanakombo, yeye hunicheka tu na kuniambia, "Wewe kichwa chako kina injini, lakini magurudumu hakuna."

Mama mdogo alikuwa anachora hina. Kila asubuhi alikwenda Galu na wenzake, wakakaa pale ufukweni chini ya kibanda cha makuti, yeye na wengine wawili wakichora hina mikono na miguu ya wageni, na kina Njoki wakisuka nywele. Njoki kwao ni bara, lakini amekaa Ukunda mpaka anajua kupika wali wa nazi kuliko mimi. Kazi hiyo ndiyo iliyomlea mama mdogo na watoto wake baada ya mumewe kufariki, na hana nyingine.

Basi idara ya kaunti ikatoa kanuni. Kwamba hakuna mtu atakayeigusa ngozi wala nywele ya mgeni kwa malipo bila leseni, na leseni haitolewi mpaka uwe na cheti cha chuo kinachotambulika, na chuo chenyewe hakikupokei kama hukumaliza sekondari. Mama mdogo shule aliiacha hata ya msingi hajaimaliza. Kwa hiyo kanuni ile, ukiiondolea maneno yake marefu, ilikuwa inamwambia aende nyumbani.

Sasa kanuni kama hizi zinatungwa na idara, si na bunge la kaunti, lakini bunge lina kamati yake ya kuzipitia. Kamati ikiona zimepita kiasi inaweza kupendekeza zifutwe, zote au kifungu kimoja, na ikinyamaza zinasimama kama zilivyo. (Haya nilikuwa nayajua kwa kichwa. Ndiyo masikitiko yenyewe, kwamba nilikuwa nayajua.) Tukasikia kamati inakuja Msambweni kuchukua maoni ya wananchi, na akina mama wa Galu wakanichagua mimi nikawasemee.

"Wewe ndiye umesoma," Njoki aliniambia. "Sisi tukishika maiki tutalia tu. Lakini usituangushe, manze, nina watoto."

Nilijitayarisha kama mtu anayekwenda kutetea roho yake. Tulikubaliana tusipinge kila kitu: yale ya usafi na ya kupimwa afya tuyakubali, tuombe kifungu cha cheti peke yake kifutwe. Hoja ilikuwa nzuri, na ingetosha. Lakini mimi nikaanza kuwaza kwamba maneno matupu yatasahaulika wakishafika kwenye chai, kwamba inatakiwa kamati ione kwa macho yake kazi ya mama mdogo ilivyo safi na salama, na kitu cha kuonyesha kinapatikana wapi kama si kwenye mwili wa msemaji mwenyewe?

Siku mbili kabla ya kikao nikaenda kwa mama mdogo nikamwambia anichore. Alifurahi. Alikuwa ameshakoroga hina yake kwa ndimu na sukari, akaniambia nikae nayo mpaka ikauke, itatoka nyekundu nzuri. Nami (hapa ndipo shetani alipokaa) nikaitazama ngozi yangu nyeusi, nikawaza meza ya kamati itakuwa mbali, nikawaza mwanga wa ukumbini, nikaona nyekundu haitaonekana.

"Mama mdogo, nipake piko."

"Piko ya nini? Piko ni ya wageni wenye haraka, wanaotaka kuchorwa saa hii na saa hii wakaogelee."

Kwa asiyejua, piko ni ile nyeusi ambayo huchanganywa na rangi ya nywele. Inashika upesi na inang'aa, ndiyo maana wageni wanaipenda.

"Nataka ionekane mpaka viti vya nyuma."

"Na ulipopakwa kwenye arusi ya Rehema si ulijikuna wewe?"

"Nilijikuna kidogo tu, mama mdogo. Lile lilikuwa joto."

Alinitazama. Akasema, "Haya, mkono ni wako," akafungua pakiti ya rangi. Alinichora kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, maua yameshikana na majani, hata mahali pamoja mkono wake haukutetemeka, na alipomaliza nilijitazama nikajiona wakili.

Kesho yake mkono ulianza kuwasha. Niliuosha kwa maji baridi. Nikapaka mafuta ya nazi. Nikachukua simu nikasoma habari za piko, na kwa mtu kama mimi kusoma habari za ugonjwa kwenye simu ni kujichimbia kaburi, nikasoma mpaka nikajua kila kitu isipokuwa la kufanya. La kufanya lilikuwa rahisi: kumwambia mama mdogo. Lakini nilijua atafadhaika na kusema tusiende, na kikao hakitatungoja, kwa hiyo nikaona bora ninyamaze, nivae baibui lenye mikono mirefu, niseme maneno yangu na hilo la kuonyesha mkono niliache. Kulipokucha mkono ulikuwa umejaa. Kuuingiza kwenye baibui kulinitoa machozi.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Mama mdogo na wenzake walikaa safu ya mbele, wote wamejitanda leso za sare, hata Njoki na wenzake wa kusuka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mkono vipi?"

"Mzima."

Ustadhi akaomba dua, mchungaji naye akaomba, kisha afisa wa idara akasimama kuzitetea kanuni zake. Alieleza vizuri kwamba dawa hizi za ngozi na nywele zinawaunguza watu, kwamba ufukwe utapata jina baya. Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole mwenye miwani, akamuuliza, "Mna mfano wa mtu wa hapa kwetu aliyedhurika?"

"Kwa sasa hapana, mheshimiwa mwenyekiti, lakini..."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Kaa chini!" mtu alipiga kelele nyuma. Afisa akakaa. Nawaambia tulikuwa tumeshinda, tena kabla sijafungua mdomo, na laiti ningeuacha umefungwa.

Niliitwa. Mkono uliwaka kama nimeutia kwenye mafuta, lakini nilisema, na nilisema vizuri, sijisifu. Nikaeleza kwamba usafi tunaukubali, kwamba cheti hiki kinamtoa kazini mtu anayeijua kazi na kumweka mtu anayejua kufanya mtihani, na kwa kuwa nilitaka kufunga kwa kishindo nikaongeza kwamba kazi ya hawa akina mama haijawahi kumletea mtu madhara yoyote. Mwenyekiti alikuwa anaandika. Akainua kichwa akasema, "Hoja hii ya cheti ina uzito." Nikaanza kurudi kitini.

"Bado!" Njoki alisimama. "Waonyeshe mkono!"

Maana mpango wenyewe si niliwaeleza wote? Kwa madaha nikawaeleza. Safu nzima ya mbele ikapiga vigelegele. "Waonyeshe! Waonyeshe!" Nikatabasamu, nikatikisa kichwa, wakadhani naona haya, wakazidi. Mwenyekiti naye akacheka, "Onyesha basi, binti, tuone huo mkono."

Niliwaza mambo mengi kwa wakati mmoja. Kukataa kungeonekana vibaya. Kuzimia nilijaribu, haikuja. Nikaanza kupandisha mkono wa baibui polepole, nikidhani nitaonyesha vidole na kifundo peke yake, kumbe kitambaa kilikuwa kimeshikana na majimaji, na nilipokivuta kikabandua ngozi nami nikapiga ukelele ndani ya maiki, ukelele ambao nasikia ulifika mpaka barabarani.

Vigelegele vilikatika. Kwenye kamati alikuwapo mheshimiwa mmoja mwanamke ambaye zamani alikuwa muuguzi. Aliinuka, akaja mpaka niliposimama, akaushika mkono wangu chini ya kiwiko kwa adabu kabisa na kuugeuza. "Mwenyekiti, haya ni malengelenge," alisema. "Binti huyu ameungua." Nyuma yake niliona simu zikiinuliwa, na ya kwanza ilikuwa ya afisa wa idara.

Mwenyekiti alivua miwani. "Nani alikuchora?"

Mimi hapo nikaanza kupima. Nikimtaja mama mdogo nimemmaliza. Nikisema simjui aliyenichora, basi hiyo ndiyo sababu hasa ya kuwa na leseni, watu wajulikane. Nikisema nilijichora mwenyewe, nani ataamini, nami hata mstari ulionyooka siwezi kuchora? Nilikuwa bado napima niliposikia kiti kikisogea.

"Ni mimi, mheshimiwa," mama mdogo alisema. "Huyu ni mtoto wa dada yangu."

"Si kosa lake!" nikadakia, na maiki ilikuwa bado mkononi. "Yeye hakutaka, ni mimi niliyetaka piko, yeye alinikataza!"

"Alijua itakudhuru?"

"Alijua kwamba niliwahi kujikuna."

"Akakupaka?"

"Nilimlazimisha."

Mwenyekiti aliwatazama wenzake. "Kwa hiyo mteja akilazimisha apakwe sumu, atapakwa?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kile cha mwanzo, watu wale wale, sasa kikiwa upande wa pili. Mama mdogo alivua leso yake ya sare, akaja mbele, akaufunika mkono wangu bila kuukandamiza, akasema, "Tumemaliza, waheshimiwa. Naomba ruhusa nimpeleke hospitali." Njoki alitufuata hadi mlangoni akiniambia, "Si ungesema tu? Si ungetuambia asubuhi?"

Akina mama waliobaki hawakuthubutu kusema tena. Kamati ikapendekeza kanuni zibaki zote, hata kifungu cha cheti, ingawa mwenyekiti alisema hoja yetu juu yake ina uzito, na katika ripoti yao nimetajwa kama mwananchi aliyejitokeza kwa hiari yake kuwa ushahidi. Kwa hiari yake! Haukupita muda askari wa kaunti wakaja Galu wakawaambia wakunje mikeka. Njoki sasa anasuka Ukunda, kwenye saluni ya msichana mwenye cheti, na nikipita hutazama kichwa anachokisuka. Mama mdogo huchora maarusi majumbani akiitwa, na haitwi sana, maana wengi wameiona picha. Ile rangi ya nywele aliitupa yote chooni siku ile ile tulipotoka hospitali.

La kunichoma ni kwamba kuhusu piko idara ilikuwa na haki. Nimeliwaza hili kwa kila namna. Huenda ipo ngozi ya mtoto wa watu iliyosalimika kwa sababu ya ngozi yangu, nami najaribu kufurahi, lakini kila nikijaribu namwona mama mdogo amekaa barazani mchana, saa za kazi, ameshika tama.

Juzi yule afisa alinipigia simu. Alisema wanatafuta mtu wa kuzunguka fukwe zote kuwaeleza watu madhara ya piko, mtu aliyesoma, na kwa kuwa yalinikuta mwenyewe nitaaminika. Kazi ya mkataba. Kazi yangu ya kwanza maishani. Nilikwenda kumweleza mama mdogo nikitarajia atanifukuza.

"Nenda," alisema, na hakukuwa na kijembe chochote katika sauti yake, ndiyo maana sikulala. "Katika sisi sote tuliokwenda pale, angalau mmoja apate kazi."

Nilimpigia afisa nikamwambia sitaki. Nilidhani atanibembeleza.

"Haidhuru," akasema. "Picha tunayo."

Basi nimeapa. Kamati ikija tena, ya kanuni hizi au za nyingine, nitawaandikia wenzangu hoja wakiniomba, nitawasindikiza hadi mlangoni, na ndani wataingia wenyewe wakaseme yao. Mimi nitakaa nje nikiwashikia viatu.