Funza wa Bomba, Viwavi wa Mjane

Mjane hakuwa na mtoto. Alikuwa na viwavi. Chumba kizima, toka sakafuni hadi darini, kilijaa chanja za viwavi wa hariri, uzao wa mayai aliyoachiwa na marehemu mumewe, na wiki hiyo walikuwa wanakaribia kusokota vifukofuko vya hariri. Wakifa hao, mbegu imekwisha.

Ng'ambo ya ua, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alilima nyanya. Watu walimwita Bomba, kwa kuwa bomba la dawa ya wadudu halikumtoka mgongoni. Enzi za kaka yake funza wa nyanya waliokotwa kwa mkono, wakatumbukizwa kwenye kopo la maji ya moto, na mtu aliweza kuchuma nyanya akaila hapohapo. Bomba aliuona huo ni ushamba. Bwana shamba aliwahi kuwaketisha wote wawili akawaeleza kuwa funza wa nyanya ana tumbo la jambazi: sumu ikiingia, huikatakata kabla haijafika kwenye mishipa ya fahamu, na anayepona huzaa wagumu kuliko yeye. Kiwavi wa hariri, aliyelishwa mikononi mwa watu vizazi na vizazi, hana silaha hiyo. Kidogo tu kinamlaza. Ndipo wakapatana: Bomba akitaka kupiga dawa, agonge kwanza ukuta wa mjane, naye akate mapema majani ya miforosadi yake, chakula cha viwavi.

Asubuhi ile hakugonga. Funza walikuwa wamemtia wazimu. Alichanganya dawa mbili, kali juu ya kali, akapiga huku upepo ukivuma kuelekea kwa mjane. Mjane alikata majani yenye unyevu, akadhani ni umande, akalisha.

Mchana mlio wa kutafuna ulikoma chumbani. Viwavi waliinua vichwa, wakatikisika, wakatapika kijani, wakajipinda na kusinyaa juu ya majani waliyoyauma. Alipekua chanja zote. Hakubaki hata mmoja.

Aliwazoa kwenye beseni, akavuka ua, akammwagia Bomba kichwani.

Bomba alijipangusa, akacheka. "Shemeji, hata marehemu hukumlilia hivi."

"Marehemu angegonga ukuta," mjane alisema, akamzaba kofi.

Bomba alimtandika kwa fimbo ya chuma ya bomba. Mkono wa kushoto ukavunjika, ukaning'inia. Pigo la pili lilimpasua juu ya jicho. Mjane aliokota jembe kwa mkono uliobaki, akalishusha kwenye tangi mgongoni mwa Bomba. Likapasuka, dawa ikamlowesha toka shingoni hadi visiginoni.

Haikupita muda mate yakaanza kumtoka, miguu ikamtetemeka. Akaanguka kati ya nyanya akitapika, akijipinda vilevile walivyojipinda viwavi. Mjane alisimama na jembe lake, damu ikimwingia jichoni, akamtazama. Karibu na sikio la Bomba, juu ya nyanya iliyochuruzika dawa ileile, funza mnene alikuwa anatoboa, anakula.

Mjane alitupa jembe. Akamchania shati, akamburuta kwa mkono mmoja hadi kwenye pipa la maji, akamsugua kwa sabuni ya kufulia kama anayesugua sufuria iliyoungua, huku akimtukana yeye na bomba lake, hadi pumzi ikamrudia.

Kisha akarudi shambani, akambandua yule funza, akamfinya kati ya vidole. Akashika mwingine. Mkono uliovunjika ukining'inia, akaendelea kuwaokota tuta zima.