Mzee Ekekrati na Babu Yake Kentauri

Ekekrati wa Larisa alikuwa mfuga farasi, na ukimpa mwanya kidogo tu alikueleza jinsi ukoo wao ulivyotokana na kentauri, yule nusu mtu nusu farasi wa mlima Pelioni. Majirani walikwisha kuichoka hadithi hiyo. Yeye wala, na divai ikimkolea alivua shuka aonyeshe nywele za mgongoni mwake kama ushahidi.

Basi kijana Filisko, aliyerudi kutoka masomoni Iskandaria, akaja kumposa binti wa mzee, Nikipa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ilipoletwa jibini, kijana akashindwa kuuzuia mdomo.

"Baba, walimu wetu wanasema kentauri hawakuwapo. Zamani watu walikuwa hawajui kupanda farasi. Wakamwona mtu juu ya farasi kwa mbali, wakadhani ni kiumbe kimoja."

"Kwa hiyo babu yangu ni macho mabovu ya watu?"

"Sivyo, Baba..."

"Baba yako nani? Nyama umekula, nenda zako."

Nikipa alilia, kisha akanuna, kisha akagoma kumpikia uji wa shayiri. Njaa ikamlegeza mzee.

"Haya, akuoe. Lakini desturi ni desturi. Alete farasi wa harusi, akukabidhi hatamu mkononi. Na aje amempanda, asije akamkokota kama mbuzi."

Alijua fika kwamba Filisko anaogopa farasi kuliko kaburi. Akaenda kulala akichekelea.

Asubuhi ya harusi ukungu ulitanda bondeni. Ekekrati alisimama langoni na majirani zake, tayari kwa kejeli. Mara kikajitokeza kitu chenye miguu minne na mikono miwili, na kichwa cha mtu kimeota pale shingoni. Mzee akamshika jirani bega.

"Jamani," akasema, "babu amekuja."

Kitu kikasogea. Alikuwa Filisko, amelala kifudifudi juu ya farasi, amemkumbatia shingo, macho kayafumba.

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Ekekrati alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda naye. Ikabidi amshushe kijana mwenyewe, maana vidole vilikuwa vimegoma kuachia manyoya. Filisko akampa Nikipa hatamu, akageuka.

"Baba, ulisema nini uliponiona?"

"Sikusema kitu. Ingia ule, mwanangu."

Mzee hakuiacha hadithi ya kentauri. Ila sasa huapa kwamba amemwona kwa macho yake, na kwamba ndiye mkwewe.