Bahasha Mbili za Uyoga Uliotoweka

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha sampuli cha makumbusho, Mama Bahasha anafungua kabati la chuma, anainamisha uso na kunusa. "Nanusa kabla ya kuangalia," ananiambia mimi mgeni wake. "Vidudu vikiingia, harufu ya vumbi hubadilika."

Ndani kuna uyoga wa porini, mkavu, mwepesi kama ganda la kitunguu, uliochumwa mlimani na bondeni karibu miaka tisini iliyopita. Kwa miaka thelathini na mmoja ameukunjia bahasha na kuulinda, ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo. Ijumaa anastaafu, na nafasi yake haijatangazwa.

Uyoga huu hauonekani tena. Msitu wa mlimani ulifyekwa, bonde la mto likajengwa nyumba. Zimebaki bahasha tano tu, na mbili kati ya hizo zinamnyima raha.

"Mwiko wa kazi hii ni mmoja: usifungue bahasha mbili kwenye meza moja."

Mwaka wake wa pili kazini aliona vidudu, akapagawa, akamimina bahasha mbili kwenye karatasi moja ili aviwahi. Vidudu vilikufa. Lakini upi ulikuwa uyoga wa mlimani na upi wa bondeni, hakujua tena. Akagawa kwa kukisia, akafunga, akanyamaza.

"Niliogopa kufukuzwa, mwanangu. Nilikuwa na mtoto mchanga. Nikasema, uyoga mkavu huu, nani atauulizia?"

Ameuulizia mtafiti. Anakuja Jumatatu kupima kama uyoga wa mlimani na wa bondeni ulikuwa aina moja au mbili.

Binti yake, yule mchanga wa wakati ule, alimsihi: "Mama, ondoka na heshima yako. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu mama anaonekana kuumbuka kabla ya kifo, na inauma kumtazama. Anachukua penseli, kwa sababu wino hufifia, na juu ya kila bahasha anaandika: *Umechanganywa. Kosa ni langu.* Anaongeza tarehe na jina lake kamili.

Tumaini lake ni kwamba zile tatu zitamsaidia mtafiti angalau kulinganisha, ingawa zote ni za mlimani. Amepanga kuja Jumatatu, akiwa mstaafu, amwambie mwenyewe uso kwa uso.

"Kama angeweza kwenda kuchuma mwingine, ningemwomba radhi yakaisha," anasema. "Lakini wa bondeni ndio huu, na sijui ni upi."